Wepesi wa Baiskeli ya Umeme Ulianzia Miguuni

Historia ya baiskeli ya umeme husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya betri. Wazo lilikuwepo tangu karne ya 19, husemwa, likakwama kwa uzito wa betri, kisha ikaja lithiamu na baiskeli ikawa nyepesi. Simulizi hilo lina ukweli, lakini limeruka hatua iliyo muhimu kuliko zote. Ninachoshikilia ni kwamba baiskeli nyepesi ya umeme, ile ambayo mtu huendea kazini asubuhi na kuipandisha ngazi jioni, ilianza pale wabunifu walipokubali kwamba mota isichukue kazi yote ya miguu. Betri bora ilikuja kupunguza uzito ambao uamuzi huo ulikuwa umekwisha kuuwekea mpaka. Mahali ambapo uamuzi huo haukushika, betri bora hazikuleta baiskeli nyepesi. Zilileta pikipiki.

Tarehe 31 Desemba 1895, Ogden Bolton Mdogo wa Canton, Ohio, alipewa hataza ya Marekani kwa baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma na betri iliyoning'inizwa katikati ya fremu. Betri yake ilikuwa ya volti 10, na mota iliweza kuvuta hadi ampea 100. Zidisha namba hizo mbili, utapata wati 1,000. Mtu mwenye afya ya kawaida, akipiga pedali bila kujitesa, hutoa wati 75 hadi 100 hivi. Bolton basi aliiwazia mota yenye nguvu mara kumi ya mpandaji, na mota ya namna hiyo haina haja na miguu ya mtu. Nguvu hiyo ilipaswa kutoka mahali fulani. Betri ya risasi na asidi, hata hii iliyoboreshwa ya siku zetu, huhifadhi takriban wati-saa 30 hadi 40 katika kila kilo. Kuiendesha mota ya wati 1,000 kwa nusu saa tu kunadai wati-saa 500, yaani kilo 12 hadi 17 za betri, uzito unaokaribia au kuupita ule wa baiskeli yenyewe. Miaka miwili baadaye Hosea Libbey wa Boston alipata hataza yake, ambamo mota mbili ziliwekwa kwenye ekseli ya pedali. Mahali pa mota palibadilika, hesabu ikabaki ileile. Kisha injini ya petroli ikashika soko. Uholanzi, kampuni ya Gazelle ilijaribu tena mwaka 1932 kwa mota ya Philips, na hadi inaacha mwaka 1937 ilikuwa imeuza baiskeli 117.

Mabadiliko yalitoka Japani. Mwishoni mwa mwaka 1993 Yamaha ilianza kuuza baiskeli iliyoitwa PAS, na wahandisi wake walikuwa wamejiuliza swali tofauti na la Bolton. Hawakuuliza ni nguvu kiasi gani inaweza kuisukuma baiskeli, waliuliza ni kiasi gani cha jasho la mpandaji kinaweza kupunguzwa. Walifunga kihisi kilichopima jinsi mguu unavyoikandamiza pedali, na mota ikaongeza nguvu kwa kipimo hicho: kwa uwiano wa moja kwa moja hadi kilomita 15 kwa saa, kisha ikipungua taratibu mpaka kuzimika kwenye kilomita 24. Mguu ukiacha kukanyaga, mota nayo huacha. Kwa sababu hiyo mamlaka za Japani zilikubali kuihesabu kuwa baiskeli, isiyohitaji leseni wala namba ya usajili. PAS ya kwanza haikuwa nyepesi hata kidogo: ilikuwa na kilo 31, na betri yake ilikuwa ileile ya risasi ya enzi za Bolton. Lakini tazama ukubwa wa betri hiyo. Volti 24 kwa ampea-saa 7 ni wati-saa 168 tu, nazo zilimfikisha mtu kilomita 20 hivi. Ni kama wati-saa nane kwa kilomita. Betri ilikuwa ya zamani, ila mahitaji yalikuwa yameshuka kiasi kwamba hata betri ya zamani iliweza kuyatimiza.

Atakayepinga atasema kwamba hayo ni ya kinadharia, kwa kuwa watu walianza kuzipenda baiskeli hizi kwa wingi zilipopungua uzito, nazo zilipungua baada ya Sony kuingiza sokoni betri ya lithiamu-ioni mwaka 1991 na teknolojia hiyo kushuka bei. Pingamizi hili lina uzito, na silikatai lote. Sumaku za neodimiamu zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilipunguza mota, na lithiamu ikapunguza betri mara nne au zaidi kwa nishati ileile. Lakini kuna ushahidi unaonyesha kwamba wepesi wa vifaa peke yake hautoshi. Mwaka 1992, mwaka mmoja kabla ya PAS, Mwingereza Clive Sinclair alizindua Zike, baiskeli ya umeme ya kilo 11 iliyofichiwa betri za nikeli-kadimi ndani ya fremu. Kilo 11! Hata leo watengenezaji wengi hawajafika hapo. Zike ilianguka sokoni. Mota yake iliwashwa kwa kitufe, bila kujua miguu inafanya nini, na betri iliyopunguzwa ili ibebeke iliisha upesi kwa sababu ilikuwa ikifanya kazi kama ya pikipiki. Baiskeli ya kilo 31 ikashinda, ya kilo 11 ikashindwa. Anayeamini kwamba betri ndiyo iliyoamua kila kitu anapaswa kulieleza hilo.

China inatoa ushahidi wa upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1990 miji mikubwa ya nchi hiyo ilibana au kupiga marufuku pikipiki za petroli, na baiskeli ya umeme ikajaza pengo. Kiwango cha taifa cha mwaka 1999 kiliitaka iwe na pedali, isizidi kilo 40, mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa, na mota isizidi wati 240. Ni masharti ya kiungwana, lakini hapakuwa na kitu cha kuifunga mota kwenye mguu. Mashine iliendeshwa kwa kuzungusha mshikio wa usukani, na pedali zilifungwa ili kutimiza sheria. Wanunuzi wengi walizing'oa siku za mwanzo. Mguu ulipotoka katika hesabu, kila maendeleo ya betri yaliingia kwenye mwendo, viti vipana na mizigo. Kiwango kilichofuata, kilichoanza kutumika Aprili 2019, kilikubali hali hiyo: kilo 55, kilomita 25 kwa saa, wati 400. Katika miaka 20 ya maendeleo makubwa ya betri, ukomo wa uzito haukushuka, ulipanda kwa kilo 15. Mtu anaweza kuniambia kwamba mashine hizo zimewasafirisha mamilioni ya watu kwa bei wanayoimudu, na kwamba ni ufidhuli kuziita kasoro. Siziiti kasoro. Ni usafiri uliookoa muda na mapafu ya watu wengi. Nasema tu kwamba ni jamii ya pikipiki, na huachwa chini ya ngazi kama pikipiki, betri peke yake ikipelekwa juu kuchajiwa.

Ulaya ilichukua msimamo wa Japani. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 yaliiacha nje ya sheria za pikipiki baiskeli yoyote ambayo mota yake husaidia pale tu mpandaji anapopiga pedali, haizidi wati 250, na huzimika kwenye kilomita 25 kwa saa. Kwa kuwa nguvu imewekewa dari, mtengenezaji aliyepata betri bora alibaki na njia mbili: kuongeza masafa au kupunguza uzito. Wengi walichagua masafa, maana namba kubwa huuza. Ndiyo maana baiskeli nyingi za umeme za Ulaya zina kilo 22 hadi 28, na betri za wati-saa 600 au 700 ambazo mtu wa safari ya kilomita nane kwenda kazini hatazimaliza kwa siku nne. Wachache walirudi kwenye hesabu ya PAS. Mota ya kitovuni iliyobuniwa na kampuni ya Ebikemotion ya Hispania, ambayo baadaye ilinunuliwa na kampuni ya Mahle, ina betri ya wati-saa 250, na mfumo wote una kilo 3.5 hivi. Mwaka 2020 kampuni ya Specialized ilitoa baiskeli ya Vado SL yenye mota ndogo kwa makusudi, inayotoa chini ya nusu ya msokoto wa mota kubwa za wakati huo, na baiskeli nzima ikawa chini kidogo ya kilo 15. Hakuna uvumbuzi mpya wa kemia uliohitajika hapo. Kulihitajika mtu wa kukubali kwamba mpandaji atafanya kazi kidogo zaidi mlimani.

Historia hii inaingia moja kwa moja katika utunzaji, na hapa ndipo watu hupoteza fedha bila kujua. Kila kizazi cha betri kiliacha desturi zake, na desturi hukaa muda mrefu kuliko betri. Betri ya risasi huharibika ikiachwa bila chaji, kwa kuwa salfeti huganda kwenye sahani zake. Wenye nayo walijifunza kuichaji ijae kila jioni. Nikeli-kadimi ilikuja na desturi iliyo kinyume, ya kumaliza chaji kabisa kabla ya kuchaji upya, ili isipoteze uwezo. Lithiamu haitaki lolote kati ya hayo mawili. Huzeeka haraka ikikaa imejaa pomoni, huumia ikimalizwa hadi mwisho, na adui yake mkubwa ni joto. Hata hivyo ushauri wa zama za nikeli bado unatembea mitaani Dar es Salaam na Mombasa, ambako wengi huiacha simu ifike sufuri kwanza. Mwenye baiskeli ya lithiamu anayesafiri kila siku afanye hivi: achaji baada ya safari betri ikiwa imepoa, aiache kati ya asilimia 20 na 80 siku za kawaida, aijaze siku ya safari ndefu, na kama haitatumika kwa wiki kadhaa aiweke ikiwa na nusu ya chaji mahali penye kivuli. Betri ndogo ya baiskeli nyepesi huyadai haya zaidi kuliko kubwa, kwa sababu haina akiba ya kuficha makosa.

Vilevile ugomvi wa Bolton na Libbey haujaisha; kila duka la leo linauza wajukuu wa hataza zile mbili. Mota ya kitovuni haigusi mnyororo, hivyo mnyororo na meno ya nyuma hudumu kama ya baiskeli ya kawaida, lakini pancha ya gurudumu hilo ni kazi: kuna waya wa kuchomoa na nati ngumu za ekseli, na spoki hubeba mzigo zaidi, zinataka kukazwa mapema. Mota ya kwenye pedali huacha magurudumu yatoke kirahisi na hupanda mlima vizuri, ila nguvu zake zote hupita kwenye mnyororo, nao hulika upesi. Asiyeupima na kuubadilisha kwa wakati atabadilisha na meno pia. Mota ndogo hupunguza madhara ya kila upande, na hiyo ni faida ya wepesi ambayo wauzaji huisema mara chache. Breki nazo, kwenye baiskeli ya kilo 15, hazichoki kama kwenye ya 28.

Lipo pingamizi moja ambalo naliona zito kuliko yote, nalo linawahusu hasa wasomaji wa Afrika Mashariki. Ili kupunguza uzito, watengenezaji wengi wamezifungia betri ndani ya fremu, na programu ya mota husomwa kwa kompyuta ya kampuni tu. Baiskeli za Phoenix zilizotoka Shanghai na kuenea Tanzania zilikuwa nzito, kilo 20 na ushei, lakini hapakuwa na kitu ndani yake ambacho fundi wa chini ya mwembe hakuweza kukifungua kwa spana mbili. Kudai kwamba baiskeli nyepesi ya umeme ni mrithi wake halali huku haifunguki kungekuwa uongo. Mtu wa ghorofa ya tatu asiye na umeme mahali anapoegesha baiskeli atateseka na betri isiyochomoka, hata fremu iwe nyepesi vipi. Na kwa anayebeba abiria au magunia, hoja yangu haimhusu kabisa: Kigali, tangu mwaka 2019, kampuni ya Ampersand imeonyesha kwamba pikipiki ya umeme yenye betri ya kubadilishwa kituoni inamfaa dereva wa bodaboda kuliko baiskeli yoyote.

Lakini kwa karani, mwalimu au muuguzi anayekwenda kilomita saba kazini na kurudi, pingamizi hilo linaongeza vigezo, halifuti hoja. Aanze kwa kuizima mota dukani na kuiendesha baiskeli hivyohivyo. Kama haiendeki bila umeme, betri ikiisha njiani ataisukuma. Aulize kama mota inafuata nguvu ya mguu au mzunguko wa pedali tu, kwa maana kihisi cha aina ya pili hutoa nguvu ileile hata pedali zikizungushwa bila kukandamizwa. Aitake betri ya wati-saa 250 hadi 350 inayochomoka kwa ufunguo, hata kama hilo litaongeza kilo moja. Kisha aangalie kama tairi, mnyororo na pedi za breki ni za vipimo vinavyouzwa katika maduka ya baiskeli ya mji wake, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyobadilishwa mara nyingi kabla betri haijachoka.