Viambatisho vya Hila: Kutoka Clausthal hadi Manila

Mwezi Desemba 1987, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Clausthal, nchini Ujerumani, aliandika programu fupi ya kuwatakia wenzake Krismasi njema. Aliyeipokea aliiendesha mwenyewe, na kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mti wa Krismasi uliochorwa kwa alama za kawaida za maandishi. Alipokuwa akiutazama, programu ilisoma orodha ya watu aliozoea kuandikiana nao, ikamtumia kila mmoja wao nakala yake. Ilienea katika mitandao ya vyuo vya Ulaya na Marekani, ikaingia katika mtandao wa ndani wa kampuni ya IBM na kuujaza mpaka kazi za kawaida zikakwama. Haikulenga kuharibu faili ya mtu yeyote, lakini mbinu yote ilikuwa tayari: kitu cha kupendeza, kinachotoka kwa mtu unayemfahamu, na kinachotumia anwani zako kutafuta watu wengine.

Kwa nini basi mbinu hiyo ilikaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuutikisa ulimwengu? Sababu ya kwanza ni kwamba barua pepe ya mtu wa kawaida ilibeba maandishi matupu. Hali ilibadilika mwaka 1992, pale Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipoandika kanuni iitwayo MIME, iliyowezesha barua kubeba picha, sauti na faili za aina nyingine. Mwezi Machi mwaka huo Borenstein aliwatumia wenzake picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne, pamoja na sauti ya wimbo wao. Manufaa yalikuwa makubwa na hakuna aliyeyabishia. Hata hivyo, barua iliyoweza kubeba picha iliweza pia kubeba programu, na mpokeaji hakuwa na njia rahisi ya kuzitofautisha.

Mwaka 1994 ulienea uvumi kwamba kulikuwa na barua yenye kichwa "Good Times" ambayo ukiisoma tu, kompyuta yako inaharibika. Wataalamu waliujibu kwa subira: maandishi hayawezi kudhuru, ni lazima kwanza programu iendeshwe. Kwa wakati ule jibu lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba watu walilishika kama kanuni ya milele, huku mpaka kati ya maandishi na programu ukianza kufutika.

Uliofutika kwanza ni mpaka wa hati za Word. Microsoft ilikuwa imeweka ndani ya Word uwezo wa kuhifadhi makro, yaani amri ndogo zinazorahisisha kazi zinazojirudia, na baadhi ya makro zilijiendesha zenyewe pale hati ilipofunguliwa. Mwaka 1995 kilitokea kirusi kilichoitwa Concept, ambacho kiliishi ndani ya hati na kujinakili katika kila hati mpya. Hakikuharibu chochote, kana kwamba mwandishi wake alitaka tu kuthibitisha kuwa jambo hilo linawezekana. Microsoft yenyewe ilikisambaza bila kujua ndani ya diski moja iliyowatumia wateja wake. Wafanyakazi wa ofisini walikuwa wamefundishwa kuogopa programu wasizozijua, lakini nani angeiogopa ripoti ya mwenzake wa meza ya pili?

Tarehe 26 Machi 1999 mambo hayo mawili, hati yenye makro na barua pepe, yalikutana. Kirusi cha Melissa kilitupwa kwenye jukwaa la mijadala kikiwa ndani ya hati iliyodai kuorodhesha nywila za tovuti za ngono. Hati hiyo ilipofunguliwa, kiliiamrisha programu ya Outlook ipeleke nakala kwa anwani 50 za mwanzo, na kichwa cha barua kilisema kwamba huo ni ujumbe muhimu kutoka kwa mwenye kompyuta. Kampuni kubwa, Microsoft ikiwa mojawapo, zilisimamisha barua pepe zao kwa muda. Mwandishi wake, David L. Smith wa New Jersey, alikamatwa ndani ya wiki moja, na mwaka 2002 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Ungetarajia kwamba baada ya Melissa milango ingefungwa. Haikufungwa, na tarehe 4 Mei 2000 barua yenye kichwa ILOVEYOU, yaani nakupenda, ilianza kuzagaa barani Asia, ikaendelea hadi Ulaya na kisha Marekani, kadiri watu walivyofika ofisini na kuwasha kompyuta. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja ya kumwomba mpokeaji atazame barua ya mapenzi iliyoambatishwa. Jina kamili la kiambatisho lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na ujanja ulikuwa mwishoni mwa jina hilo. Herufi vbs humaanisha programu, lakini Windows ilikuja ikiwa imepangwa kuficha herufi za mwisho za aina za faili inazozijua. Kwa hiyo wengi waliona jina linaloishia na TXT, alama ya maandishi matupu, yale yale ambayo wataalamu walikuwa wamesema hayadhuru.

Aliyebofya aliendesha programu iliyofanya mambo kadhaa kwa mfululizo. Ilijituma kwa kila anwani iliyokuwamo katika kitabu cha Outlook, bila kikomo kama kile cha Melissa. Ilitafuta picha za aina ya JPG na kuandika nakala yake yenyewe juu ya kila moja, hivyo picha zikapotea kabisa. Nyimbo za MP3 ilizificha tu. Ilijaribu pia kupakua programu nyingine ya kuiba nywila kutoka kwa kampuni ya intaneti nchini Ufilipino, na huo ndio uzi walioufuata wapelelezi. Bunge la Uingereza lilifunga barua pepe zake, na ofisi nyingi za serikali na za biashara zikafanya vivyo hivyo. Hasara ilikadiriwa kufikia mabilioni ya dola, ingawa makadirio ya namna hii yanafaa kupokelewa kwa tahadhari, kwa kuwa mengi hutolewa na wanaouza kinga.

Uzi ule uliwafikisha wapelelezi Manila, kwa Onel de Guzman, kijana wa Chuo cha Kompyuta cha AMA. Chuo kilikuwa kimekataa pendekezo lake la tasnifu, lililohusu programu ya kuchukua nywila za intaneti ili wasio na fedha wapate kuitumia. Hakufungwa. Ufilipino haikuwa na sheria iliyolitaja kosa la kueneza kirusi, na mashtaka yalifutwa mwezi Agosti. Sheria ilitiwa saini Juni 2000, lakini haikuweza kurudi nyuma kumshika. Miaka karibu ishirini baadaye alimwambia mwandishi wa habari Mwingereza Geoff White kwamba programu ilikuwa yake, na kwamba alichagua kichwa kile kwa kuwa watu hutamani kupendwa.

Kauli hiyo imewapa nguvu wanaosema chanzo cha janga ni udhaifu wa moyo wa binadamu. Wengine huelekeza lawama kwa waliotengeneza programu: Windows iliyoficha jina kamili, na Outlook iliyoruhusu programu yoyote kusoma anwani na kutuma barua bila kumuuliza mwenyewe. Wapo pia wanaosema ofisi za dunia zilikuwa zimejifunga kwenye aina moja ya kompyuta, hivyo ugonjwa mmoja ukawapata wote.

Mimi naona maelezo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Mwenye kompyuta ya Macintosh aliyeipokea barua ile alikuwa na shauku ile ile ya kupendwa, lakini alipobofya hakikutokea chochote. Aliyesoma barua zake kwa Yahoo au Hotmail katika mkahawa wa intaneti, Dar es Salaam au Mombasa, hata akiifungua, hakuwa na kitabu cha anwani ambacho Outlook ingeweza kukikabidhi kwa kirusi. Shauku ilikuwa sawa kwa wote; kilichotofautiana ni mashine.

Yaliyofuata yanaunga mkono hoja hiyo, ingawa si moja kwa moja. Mwezi Juni 2000 Microsoft ilitoa masasisho yaliyoifanya Outlook ikatae viambatisho vya aina ya programu na iombe ruhusa kabla ya programu nyingine kutuma barua. Wengi hawakuyaweka, na ndiyo sababu Februari 2001 Mholanzi mmoja aliweza kuieneza tena hila ile ile kwa kudai kwamba kiambatisho ni picha ya mchezaji tenisi Anna Kournikova. Masasisho yalipoenea na seva zilipoanza kuzuia faili za programu, wadukuzi walitafuta njia ya pembeni. Mwaka 2004 virusi vya Bagle vilikuja ndani ya faili ya zip iliyofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe ikiwa kwenye barua, ili programu ya kukagua virusi ishindwe kuona ndani.

Katika miaka hiyo nia pia ilibadilika, kutoka sifa hadi fedha. Programu ya wadukuzi iitwayo Emotet, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuiba taarifa za benki, baadaye iliiba mazungumzo ya zamani kutoka visanduku vya barua na kuyajibu, ikiambatisha hati yenye makro. Polisi wa nchi kadhaa waliivunja Januari 2021, na kufikia Novemba ilikuwa imerudi. Mwaka 2022 Microsoft hatimaye ilianza kuzuia, bila mtumiaji kuombwa chochote, makro za hati zilizotoka kwenye intaneti. Zilikuwa zimepita takriban miaka 27 tangu Concept. Wadukuzi wakahamia kwenye faili za njia ya mkato na za taswira ya diski.

Kwa msomaji mwenye kompyuta leo, jambo la kwanza kufanya ni dogo: kuiambia Windows ionyeshe majina kamili ya faili, kwa sababu hata sasa huja ikiwa imeyaficha. Masasisho yaachwe yajiweke yenyewe. Hati inayodai kwamba haisomeki mpaka uruhusu makro ifungwe papo hapo, na zip iliyokuja na nywila yake ndani ya barua ile ile iachwe ilivyo. Baada ya Emotet, jina la mtumaji na hata mazungumzo yanayotangulia si uthibitisho tena, kwa hiyo kiambatisho usichokitarajia kiulizwe kwa simu, kwa namba uliyokuwa nayo tayari. Picha na kazi za muhimu ziwe na nakala kwenye diski inayochomolewa ikishatumika, kwani kirusi kinachoandika juu ya faili huzifikia pia zilizo kwenye diski iliyoachwa imechomekwa.