Sarpagandha

Sarpagandha ni kichaka kidogo cha misitu yenye unyevu ya India, Nepal, Sri Lanka na nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Kwa kawaida hakizidi kimo cha mita 1. Majani yake huota matatumatatu kuzunguka shina, maua ni meupe yenye vikonyo vyekundu, na matunda hugeuka meusi yakiiva. Dawa iko mzizini. Kwa wataalamu wa mimea huitwa Rauvolfia serpentina, jina linalomkumbuka Leonhard Rauwolf, tabibu wa Augsburg wa karne ya 16, ambaye hakuwahi kufika India.

Katika Kisanskriti sarpa ni nyoka na gandha ni harufu. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huukausha mzizi, huusaga, na wameutoa kwa aliyeumwa na nyoka, mwenye homa, aliyekosa usingizi na aliyerukwa na akili. Huko Bihar, India, ulijulikana kama pagal ki dawa. Pagal ni mwendawazimu. Neno la mwisho, dawa, halihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa Kihindi na Kiswahili vyote vililipata kutoka Kiarabu.

Kati ya mitishamba yote ya Ayurveda, ni vigumu kuutaja mwingine uliopimwa kwa ukali kama huu ukabaki umesimama. Ndiyo maana historia yake inastahili kusomwa kwa makini na kila anayetaka kujua ushahidi wa dawa ya asili unavyopatikana.

Upimaji ulianzia India yenyewe. Mwaka 1931 Gananath Sen na Kartick Chandra Bose walichapisha taarifa kwamba unga wa mzizi huu huwatuliza wagonjwa wa akili na kushusha shinikizo la damu. Mwaka huohuo, mjini Delhi, Salimuzzaman Siddiqui na Rafat Hussain Siddiqui walitenga alkaloidi zake za kwanza. Mojawapo waliiita ajmalini, kwa heshima ya Hakim Ajmal Khan, tabibu mashuhuri wa tiba ya Unani. Hadi leo madaktari wa moyo huitumia ajmalini kuwabaini wenye ugonjwa wa Brugada, hitilafu ya umeme wa moyo inayoweza kuua ghafla.

Nje ya India kazi hiyo haikusikika sana mpaka 1949, Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, alipoandika katika British Heart Journal kuhusu wagonjwa 50 wa presha aliowatibu kwa mzizi huo. Kwa walio wengi presha ilishuka. Makala hiyo iliwaamsha watafiti wa Ulaya na Marekani, na mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Basel, walitenga alkaloidi yenye nguvu hiyo, wakaiita reserpini. Iliuzwa kwa jina la Serpasil.

Reserpini hufanya kazi kwa kuvifunga vifuko vidogo ambamo neva huhifadhi kemikali zake za kupelekeana habari: noradrenalini, dopamini na serotonini. Kemikali hizo zikikosa pa kuhifadhiwa huharibika, akiba ya neva hukauka, mishipa ya damu hulegea na presha hushuka. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura reserpini wakawa hawawezi kujongea. Alipowadunga kiini kinachogeuka kuwa dopamini mwilini, waliamka. Jaribio hilo lilifungua njia ya kuuelewa na kuutibu ugonjwa wa Parkinson, na mwaka 2000 Carlsson alishiriki Tuzo ya Nobel.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, katika utafiti ulioongozwa na Edward Freis. Walihusishwa wanaume 143 ambao namba ya chini ya presha yao ilikuwa kati ya 115 na 129. Kwa kura, baadhi walipewa reserpini pamoja na haidralazini na haidroklorothiazidi. Wengine walipewa tembe bandia. Matokeo yalitangazwa 1967. Katika kundi la tembe bandia yalitokea madhara makubwa 27, kama vile kiharusi na moyo kushindwa kazi, na watu 4 walikufa. Katika kundi la dawa madhara yalikuwa 2, na hakufa hata mmoja. Kabla ya hapo wapo madaktari walioshuku kama kushusha presha kunaokoa maisha kweli. Hata hivyo sifa ya matokeo hayo si ya reserpini peke yake: zilikuwa dawa tatu kwa pamoja. Uchambuzi wa Cochrane uliotafuta majaribio ya reserpini ikiwa pekee ulipata manne tu, yenye watu 237. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa takriban milimita 8 za zebaki, kiasi kinachokaribiana na dawa nyingine za kawaida.

Madhara yake nayo yamethibitishwa, na hapa ndipo wanaosema mitishamba haidhuru wanapaswa kutulia na kusikiliza. Pua huziba, usingizi huzidi, mapigo ya moyo hupungua, ndoto huwa za kutisha, na vidonda vya tumbo vinaweza kuzuka. Linalotisha zaidi ni sonona. Katika miaka ya 1950 zilikusanyika taarifa za wagonjwa wa presha waliozama katika huzuni nzito, na kwa muda mrefu reserpini ilitajwa kuwa kisababishi kisicho na shaka. Lakini mwaka 1955 Davies na Shepherd wa London walikuwa wameijaribu kwa watu wenye wasiwasi na sonona, wakaona nafuu. Mvutano huo haujakwisha. Kinachokubalika ni kwamba vipimo vya wakati ule vilikuwa vikubwa mno, na hatari hupungua kipimo kinapokuwa robo miligramu kwa siku au chini yake. Aliyewahi kuugua sonona hapaswi kuigusa, wala mjamzito.

Hofu nyingine haikuthibitika. Mwaka 1974 jarida la Lancet lilitoa tafiti tatu, za Boston, Bristol na Helsinki, zilizoihusisha reserpini na saratani ya matiti. Wagonjwa wengi waliiacha. Tafiti zilizofuata hazikuliona tatizo hilo, na mwaka 1985 ilionyeshwa kosa lilivyoweza kuingia: wagonjwa wa moyo na presha waliondolewa katika kundi la kulinganishia, na hao ndio hasa waliokuwa wakimeza dawa hiyo.

Haya yote yanahusu zaidi tembe zilizopimwa. Mzizi wenyewe una alkaloidi zaidi ya 50, na kiasi chake hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa mmea, hivyo kijiko kimoja cha unga kinaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa na kingine. Kwa sumu ya nyoka hakuna jaribio la kitabibu lililoonyesha faida. Aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja.

Mzizi ukichimbwa mmea hufa, na uchimbaji uliifanya sarpagandha kuwa adimu porini. Biashara yake sasa hudhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Viwanda viligeukia Rauvolfia vomitoria ya misitu ya Afrika, na Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ikasafirisha magome ya mizizi yake kwenda Ulaya. Kilimanjaro wanamjua ndugu mwingine, msesewe, ambaye kwa wataalamu ni Rauvolfia caffra. Wachaga hutumia gome lake kuipa pombe yao, mbege, uchungu wake. Matokeo ya sarpagandha hayawezi kuhamishiwa kwa msesewe, kwa sababu kila mmea wa jenasi hiyo una mchanganyiko wake wa alkaloidi.