Umri wa Mbu na Siri ya Nuru

Mnamo mwaka 1955 watu wa Taveta waliwaona wanyunyiziaji wakiingia nyumbani mwao na mabomba ya dawa. Pande za Mata, ambako maji ya mto Lumi hushuka kuelekea ziwa Jipe, homa ya malaria ilikuwa imezoeleka kama jirani. Kazi ile iliitwa Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, nayo ilivuka mpaka wa Kenya na Tanganyika. Kuta zilitiwa dieldrin, sumu kali ambayo baadaye ilipigwa marufuku katika nchi nyingi. Mpaka kazi ilipokoma mwaka 1959 malaria ilikuwa imepungua mno, lakini haikwisha; na baada ya hapo ilianza kurudi.

Msomaji aweza kuuliza: sumu isiyowamaliza mbu yawezaje kupunguza maradhi kiasi hicho? Jawabu limo katika umri. Mbu jike anyonyapo damu ya mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku ile. Vimelea huhitaji siku kumi hivi, au zaidi, kukua ndani yake kabla ya kufika matení, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Basi adui wa kweli ni mbu mzee. Katika miaka ya 1950 Mwingereza George Macdonald alionyesha kwa hesabu kwamba kuyafupisha maisha ya mbu kwaleta faida kubwa kuliko kuipunguza tu idadi yao.

Lakini umri wa mbu wajulikanaje? Hana meno ya kutazamwa kama ng'ombe. Mabingwa wa Urusi walivumbua njia ya kumpasua chini ya darubini: kila atagapo mayai, vijifuko vya kizazi chake huachiwa kifundo kidogo, na mwenye subira aweza kuvihesabu vifundo hivyo. Gillies na Wilkes waliifanya kazi hiyo kaskazini mashariki ya Tanzania, wakatoa taarifa yao mwaka 1965. Ni kazi ya kuchosha macho, na mbu akishapasuliwa hana kazi tena.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kufunguliwa zamani, pasipo mtu kuwaza habari za mbu. Mwaka 1800 William Herschel aliitawanya nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto penye rangi zake. Kile alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana kuwa pana giza, ndicho kilichopanda zaidi. Kumbe iko nuru isiyoonekana! Tena kila kitu huimeza kwa namna yake: maji hivi, mafuta vile, protini vingine. Nuru irudiyo kutoka mwilini huwa imepungukiwa, na aujuaye upungufu huo huweza kusoma kilichomo bila kisu.

Nuru ina njia nyingine pia ya kutoa habari. C. V. Raman wa India aligundua mwaka 1928 kwamba sehemu ndogo ya nuru hubadilika rangi inapotawanywa na vitu, na mwaka 1990 wanasayansi wa Uholanzi waliichunguza kwa njia hiyo seli moja iliyo hai. Leo njia za namna hii hujaribiwa juu ya seli shina, yaani seli changa ziwezazo kugeuka kuwa damu au mfupa. Faida yake ni dhahiri: seli iliyouawa ili ipimwe haiwezi kutiwa mwilini mwa mgonjwa.

Kwa mbu, jambo hili lilifanyika Ifakara, Tanzania. Mwaka 2009 Valeriana Mayagaya na wenzake walitangaza kwamba kwa kummulika mbu kwa nuru hiyo waliweza kutambua kama amepita siku saba au hajapita, nao walipata sawa mara 80 hivi katika 100. Kipimo huchukua sekunde chache tu, na mwili wa mbu hubaki mzima kwa uchunguzi mwingine. Hata hivyo, mbu waliofugwa katika maabara hula chakula kimoja na kulala katika joto moja. Mbu wa porini hawaishi hivyo, na kuusoma umri wao kwa nuru kumekuwa kugumu zaidi.