Anayengoja na Anayeshika: Mirathi ya Masharti Nchini Uganda

Daudi Chwa alirithi kiti cha Kabaka wa Buganda mwaka 1897, akiwa na umri wa mwaka mmoja. Mkataba wa 1900 ulimtengea maili 350 za mraba za ardhi, lakini mamlaka yalibaki mikononi mwa wasimamizi watatu, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, hadi atakapotimiza miaka 18. Alitimiza Agosti 1914. Katika miaka hiyo ya kungoja ardhi ya mailo iligawanywa, nao wasimamizi wakawa miongoni mwa wamiliki wake wakubwa. Muda wao, hata hivyo, ulikuwa na kikomo kilichoandikwa, na pale Mengo kila mtu aliweza kukihesabu.

Tunaanza na mfano huu wa kifalme kwa kuwa unaonyesha jambo ambalo mijadala ya wasia huliacha kando: mali inapocheleweshwa, swali la kwanza ni nani anaishika wakati wa kungoja, na nini kitamlazimisha aiachie.

Sheria ya Mirathi ya 1906, iliyofuata kwa karibu ile ya India ya 1865, ililijua tatizo hilo. Inabatilisha zawadi yenye sharti lisilowezekana au lililo kinyume cha sheria na maadili. Tena haimruhusu mwenye wasia kuichelewesha mali kupita maisha ya walio hai anapofariki, pamoja na utoto wa atakayefuata. Yaani mkono wa marehemu uliwekewa mpaka.

Ajabu ni kwamba dola yenyewe haikujiwekea mpaka huo. Wengi hufariki bila kuacha wasia, na kwa hao sheria ndiyo iliyoandika masharti. Nyumba ya marehemu ilishikwa na msimamizi kwa amana ya mrithi, ambaye kwa desturi alikuwa mwanamume. Mtoto wa kiume aliruhusiwa kukaa humo hadi miaka 18, wa kike hadi 21 iwapo hajaolewa. Mjane aliruhusiwa hadi atakapoolewa tena.

Hapo ndipo tunapoona tofauti na Chwa. Umri hutimia wenyewe. Mwenendo huhitaji wa kuuchunguza. Waliokuwa na nafasi nzuri ya kumchunguza mjane, nani kaja kumtembelea na kaondoka saa ngapi, walikuwa ndugu wa marehemu, ambao ndio waliofaidika akitoka. Sharti lililodaiwa kuilinda nyumba ya watoto likawa silaha ya kumwondolea mama yao.

Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kanuni hizo kwa ubaguzi wake, katika shauri la shirika la wanasheria wanawake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Bunge lilichukua miaka 15 kuziba pengo. Marekebisho ya 2022 yaliinua fungu la mwenzi aliyebaki kutoka asilimia 15 hadi 20, yakafanya kumfukuza nyumbani kuwa kosa la jinai. Kwa maoni yetu, badiliko lenye uzito zaidi halikuvuma hivyo: hati ya usimamizi sasa ina uhai wa miaka miwili, na mahakama pekee ndiyo inayoweza kuuongeza. Anayeshika naye amepewa tarehe.