Mtandao wa kijamii: Anza na shida ya watu, si kompyuta

VIJANA wengi wa Kitale na Bungoma wenye ujuzi wa kompyuta huwazia kuanzisha tovuti ya kuwakutanisha watu, mithili ya Facebook. Aghalabu hukosea hatua ya kwanza: humlipa mtaalamu awaundie tovuti kabla ya kujua ni nani atakayeitumia na kwa sababu gani.

Thamani ya mtandao wa kijamii imo katika watu wanaohitajiana. Wanachama 10 wanaweza kuunda jozi 45 za mawasiliano. Wakiwa 100, jozi hufika 4,950. Hata hivyo, mwanachama wa kwanza hukuta ukumbi mtupu, na asiponufaika harudi tena. Facebook yenyewe ilianza Februari 2004 kwa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja tu, Harvard, nchini Marekani.

Kwa hivyo, chagua eneo dogo na shida moja. Kitale, yaliko makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, ni kitovu cha kilimo cha mahindi. Kaunti ya Bungoma nayo ina soko kubwa la mazao la Chwele. Mkulima wa Kiminini asiyejua bei ya Chwele humwuzia dalali anayefika langoni kwa bei anayotajiwa, huku mwenye lori akirudi bila mzigo. Wawili hao wanahitajiana, ila hawajuani.

Jaribu wazo lako kwa daftari na simu. Andikisha wakulima 20 na wachukuzi watano, kisha uwaunganishe mwenyewe kwa ujumbe mfupi msimu mmoja wa mavuno. Wakianza kukutafuta wao, wazo lina uhai. Wakinyamaza, utakuwa umepoteza fedha za simu tu, wala si za kuuza shamba.

Njia hii si ngeni nchini. M-Farm, iliyoanzishwa na wanawake Wakenya mwaka wa 2010, iliwapa wakulima bei za masoko kwa ujumbe mfupi. Baadaye Wefarm iliwawezesha wakulima kuulizana na kujibiana maswali bila intaneti.

Kuhusu mapato, usitegemee matangazo, kwani huhitaji watu wengi mno. Ada ndogo kupitia M-Pesa, huduma iliyozinduliwa Machi 2007, inafaa zaidi. Lakini tahadhari: mkulima na mnunuzi wakishajuana, watakukwepa. Toza ada kwa kitu wanachokihitaji kila mara, kama vile taarifa za malori yenye nafasi.

Linda pia uaminifu. Tapeli mmoja akimhadaa mkulima, habari huenea soko zima. Nayo matusi yaweza kuangamiza mtandao: mapema mwaka wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, wasimamizi wa Mashada walilazimika kuufunga ukumbi wao kwa kulemewa na jumbe za chuki. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzitunze taarifa za wanachama wako.

Mwisho, hakimiliki hailindi wazo tupu. Sajili jina la biashara na uanze kazi. Daftari likishindwa kubeba wateja, ndipo umtafute mtaalamu wa kuunda tovuti.