Akiki za jangwani: jiwe la barabarani ni la nani?

Ukitaja akiki mbele ya mtu wa pwani, mawazo yake yanakwenda kwenye pete. Pete ya fedha yenye jiwe jekundu, kidoleni mwa mzee anayetoka msikitini. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, jiwe tumelipata kwa biashara. Shanga za akiki kutoka Khambhat, kule Gujarati, zilivuka bahari kuja kwetu karne nyingi kabla Mreno hajatia nanga, na wataalamu wa mambo ya kale wamezifukua Kilwa. Kwa ufupi, kwetu akiki ni kitu cha kununua. Sijawahi kumsikia mtu wa Dar akiaga nyumbani Jumamosi asubuhi eti anakwenda kuokota akiki.

Marekani watu hao wapo, tena wengi, hasa kwenye majangwa ya Arizona, New Mexico na California. Wana vilabu vyao, wana majarida yao, na wengine wamestaafu na hawana kazi nyingine. Hawauzi. Wanaokota, wanakata, wanasugua mpaka jiwe ling'ae, kisha wanaliweka dirishani. Nilipoanza kusoma habari zao nilidhani ni uvivu wa watu walioshiba. Nikaendelea kusoma, nikakuta ndani yake kuna ugomvi wa zaidi ya miaka mia moja kuhusu swali ambalo hata sisi linatuhusu: jiwe lililolala chini bila mwenyewe, ni la nani?

Kwanza tuelewane kwa nini jangwani. Akiki huanza kama tundu. Lava ikipoa, mapovu ya gesi huacha matundu ndani ya mwamba. Maji yenye silika hupenya humo, na silika hujipanga tabaka juu ya tabaka, huku madini ya chuma yakitia wekundu, mpaka tundu linajaa. Baadaye sana mwamba wa nje unamomonyoka na akiki inabaki, maana ni ngumu, hata kisu cha kawaida hakiichubui. Jangwani hakuna nyasi za kuificha, na vumbi linapeperushwa na upepo. Wajuzi hutoka asubuhi au jioni, jua likiwa chini, ili mwanga upenye jiwe liwake kama kaa la moto. Hupenda pia siku zinazofuata mvua kubwa, kwa sababu mafuriko hufunua mawe mapya. Jiwe likiwa kavu lina vumbi na halivutii, kwa hiyo usishangae ukimkuta mtu mzima na heshima zake analamba jiwe porini. Anatafuta rangi.

Silika hiyo hiyo hufanya jambo la ajabu zaidi: huingia ndani ya mti uliokufa na kuchukua nafasi ya mbao. Kaskazini mashariki ya Arizona kuna magogo mengi ya namna hii, miti iliyoanguka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, leo ni mawe mekundu, ya njano na ya zambarau. Wenyeji wa asili waliyajua zamani. Kuna nyumba yao ya miaka 900 hivi iliyojengwa kwa vipande vya magogo hayo, kwa Kiingereza inaitwa Agate House, yaani Nyumba ya Akiki.

Kisha ikaja reli, katika miaka ya 1880. Reli ilileta watalii, na watalii walikuwa na mifuko. Wafanyabiashara nao wakaona meza na mapambo. Wengine walilipua magogo kwa baruti ili wapate vito vya zambarau vilivyojificha ndani. Karibu na kituo cha Adamana kikajengwa hata kinu cha kuyasaga, ili unga wake uwe msasa. Hebu fikiria, mti wa miaka milioni 200 unageuzwa msasa! Wakazi wa Arizona walilalamika, mwandishi John Muir akapiga kelele, na Desemba 8, 1906 Rais Theodore Roosevelt akaliweka eneo hilo chini ya ulinzi wa taifa. Mwaka 1962 likawa hifadhi kamili, Petrified Forest. Kuokota humo ni marufuku, hata kokoto.

Lakini katikati ya miaka hiyo huo mchezo wenyewe ulikuwa umekua. Gari lilikuwa limemfikisha mtu wa kawaida jangwani. Mwaka 1937 Randall Henderson alianzisha jarida la Desert huko El Centro, California, ambalo lilichapisha ramani za kuwaelekeza wasomaji mahali pa kuokota. Baada ya vita zikaja jeep zilizoachwa na jeshi, na misumeno ya almasi ambayo mtu angeweza kuiweka gereji kwake. Ramani ikichapishwa, wikiendi inayofuata hapajai mawe, panajaa watu.

Serikali ikabidi iamue. Kwenye ardhi ya umma, nje ya hifadhi, sheria ya 1962 iliruhusu watu kuchukua mbao za mawe bure kwa matumizi yao, na kanuni zikaweka kipimo: ratili 25 kwa siku pamoja na kipande kimoja, zisizidi 250 kwa mwaka, kama kilo 113. Kuuza hakuna. New Mexico walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1966 walifungua bustani ya jimbo karibu na mji wa Deming, Rockhound State Park, ambako mgeni anaruhusiwa kuondoka na hadi ratili 15 za mawe. Mimi napenda uamuzi huu. Kwetu Sheria ya Madini ya 2010 haimruhusu mtu kutafuta wala kuchimba madini bila leseni, na naelewa sababu zake, lakini sioni mahali ilipomfikiria mtoto wa shule mwenye udadisi.

Ndani ya Petrified Forest wizi uliendelea, na hapa ndipo kisa kinanifurahisha kama mwandishi wa habari. Kwa miaka mingi wageni waliambiwa kwamba tani kwa tani zinaibwa kila mwaka. Robert Cialdini, mwanasaikolojia wa Arizona, na wenzake wakajaribu mabango tofauti kwenye njia za wageni, matokeo wakayachapisha mwaka 2006. Bango lililosema wageni wengi wameiba lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa. Lililoomba tu watu wasichukue, chini ya asilimia 2. Yaani onyo lenyewe lilikuwa linafundisha wizi. Sisi wa magazeti tunaoandika kila siku kwamba "kila mtu anakula rushwa" tuisome habari hiyo mara mbili.

Baadaye watumishi wa hifadhi walichukua picha za zamani, wakasimama pale pale alipokuwa mpiga picha, wakalinganisha. Sehemu kubwa ya magogo yalikuwa bado yapo. Wakati huo huo vifurushi vinaendelea kufika kwa posta, mawe na barua za kuomba radhi, wengine wakieleza mikosi iliyowapata tangu waibe: ndoa zimevunjika, magari yameharibika. Mawe hayo hayarudishwi porini, kwa kuwa hakuna ajuaye kila moja lilitoka wapi na yangewapotosha watafiti. Yanamwagwa kwenye rundo moja kando ya barabara ya watumishi.