Mwendo wa Parafujo

Ukisoma kwamba elektroni "imefuata mstari wa uga wa sumaku", usidhani imepita juu ya mstari. Mstari wenyewe ni mchoro tu wa kuonyesha uga unaelekea wapi. Aliyewahi kunyunyiza unga wa chuma kwenye karatasi iliyofunika sumaku, akaigongagonga, ameuona ukijipanga. Tena elektroni haiendi moja kwa moja. Huzunguka.

Nguvu ya sumaku haiisukumi chembe yenye chaji mbele wala haiivuti nyuma. Huisukuma ubavuni, na kila inapogeuka husukumwa ubavuni tena, hata ikafanya duara. Lakini mwendo ulio sambamba na uga hauguswi. Duara likichanganyika na safari ya kwenda mbele, njia hujizungusha mithili ya parafujo. Ndiyo maana napendelea istilahi "mwendo wa parafujo" kuliko "mwendo wa mzunguko", ambao waweza kuwa wa sayari au wa feni. Anayetaka kusema skrubu na aseme; sina ugomvi naye.

Protoni huzunguka upande wa pili. Kwa kuwa uzito wake ni kama mara 1,836 wa elektroni, kwa kasi ileile duara lake hupanuka kwa kiasi hichohicho.

Utamu wa jambo uko karibu na ncha za dunia. Huko mistari hubanana na uga huwa mkali. Chembe ikiingia humo, huzidi kuzunguka huku ikipunguza kwenda mbele, kwani sumaku haiiongezei nishati wala haiipunguzii. Hatimaye hukwama, hugeuka, ikaenda kurudishwa na ncha ya pili. Hicho ndicho kioo cha sumaku. Mwaka 1958 James Van Allen aligundua mikanda ya chembe zilizonaswa hivyo, kwa vipimo vya setilaiti ya Marekani, Explorer 1. Kuna mahali kihesabio chake kilinyamaza kabisa, na sababu ilikuwa kuzidiwa na chembe.

Zinazopenya hugonga hewa, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, zikawasha aurora za Norway na Kanada. Sisi wa ikweta hatuzioni: mistari ya huku imelala, na mikanda iko juu sana. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilinufaika na hilo. Ilizunguka karibu na ikweta, chini ya mikanda hiyo, ikapima eksirei za nyota bila kusumbuliwa sana na chembe zilizonaswa.